Kizibo cha Fonti

Karatasi ya kwanza ya asubuhi ilitoka mashineni na madoa ya maji, na madoa yenyewe yalikuwa yamechagua pa kukaa.

Dada aliishika kwa ncha za vidole akaisogeza dirishani. Mistari ilikuwa imenyooka, wino umekolea, hakuna cha kulalamikia. Lakini kwenye herufi a palikuwa na duara dogo la unyevu, kana kwamba mtu alikuwa akisoma na kudondosha chozi kwenye herufi hiyo peke yake. Tena si kwenye kila a. Nyingine zilikuwa kavu kama herufi zilizobaki. Alipoinusa karatasi, haikunuka wino tu. Ilinuka lile tope la chini ya kisima ambalo halijawahi kuona jua.

"Radi," akaita, "umemwaga maji mashineni?"

Mwendesha mashine aliitwa Radi kwa sababu ya chafya zake, ambazo siku moja zilimfanya mteja alale kifudifudi. "Maji?" akasema. "Mimi hata ya kuoga nayaonea huruma, Dada."

Dada hakucheka. Alikwenda kwenye kasha la herufi, lile la mbao lenye vyumba vidogovidogo, kila herufi na chumba chake, akatia kidole kwenye chumba cha a. Kidole kilitoka kimelowa. Vyumba vya jirani vilikuwa na vumbi.

Akili yake haikwenda mbali. Ilikwenda chumba cha pili, alikokuwa Wifi.

Kiwanda kile cha kupiga chapa kilikuwa cha watu wanne. Dada alipanga herufi, kazi aliyofundishwa na baba yake akiwa bado anapanda kwenye kigoda ili aione meza, na kila mtu alimwita Dada, hata waliomzidi umri. Mdogo wake wa kiume, Fundi, ndiye aliyetengeneza kila kilichovunjika. Radi aliendesha mashine. Na Wifi, mke wa Fundi, alikunja kurasa na kushona vitabu, kisha jioni akavuka ua na kuingia nyumba ya nyuma alikoishi na mumewe. Tangu siku ya ndoa, Dada hakuwahi kumsema vibaya wifi yake mbele ya watu. Ila hakuwahi pia kuona jambo baya likitokea bila kujiuliza kwanza kama si Wifi aliyelileta. Mama yao alikufa Fundi akiwa ananyonya, na Dada ndiye aliyemlea kwa mkono wake. Ukimlea mtu hivyo, kila anayekuja kumchukua anafanana na mwizi.

"Wifi, nani kapiga deki humu?"

"Mimi nimefagia tu, Wifi. Deki ni Jumamosi."

"Kwenye kasha la herufi mna maji."

Wifi aliinua macho, sindano ikiwa mkononi. "Basi si yangu. Maji yangu yako kwenye mtungi."

Lilikuwa jibu la kawaida kabisa, na Dada aliondoka nalo kama mtu aliyepewa chenji asiyoiamini.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu neno fonti. Seti nzima ya herufi za risasi, ile metali nzito na laini, herufi kubwa na ndogo, na nukta zake na mikato yake, pale kiwandani iliitwa fonti. Neno hilo walilirithi pamoja na meza na panya. Mgeni aliyejenga kiwanda na kumwajiri baba yao alikuwa akisema kwamba fonti ni herufi zilizosubiwa, yaani kumiminwa kwenye kalibu, kwa risasi ya chungu kimoja, ndugu wa tumbo moja, na haifai kuzichanganya na risasi ya ukoo mwingine. Ajabu ni kwamba mgeni huyohuyo aliita fonti hata lile birika la mawe lililokuwa uani, lenye mdomo wa chemchemi uliozibwa kwa donge la risasi tangu kabla Dada hajazaliwa. Dada alipokuwa mtoto alimuuliza baba yake kwa nini vitu viwili vigombanie jina moja. Baba alisema huenda ni kwa sababu vyote humiminwa. Kisha akasema huenda wageni walipungukiwa na maneno. Kisha akamwambia aache maswali, apange mstari.

Fonti yao ilikuwa na dosari moja aliyoijua kila mtu aliyewahi kupanga Kiswahili humo. Ilitengenezwa mbali, kwa ajili ya lugha ya watu wanaopenda e. Chumba cha e kilijaa pomoni, huku a zikiisha kabla hujamaliza ukurasa wa pili. Hebu panga "mama alikaa akapakata mwana" uone a zinavyoliwa. Kwa miaka walijikuna wanapofikia: walipiga chapa kurasa mbili, wakazivunja, wakarudisha herufi kwenye kasha, wakaanza nyingine. Lakini sasa walikuwa na kazi ya kitabu cha kusomea watoto wa shule, kurasa nyingi, herufi kubwa kubwa, na mteja mwenye haraka. Ndipo Fundi alipokuja siku moja na konzi ya a mpya, bado zina joto la kalibu, akazimimina mezani huku anacheka.

"Risasi umeipata wapi?" Dada alimuuliza.

"Kwenye vyuma chakavu. Usiulize sana, Dada. Panga."

Zilikuwa nyeusi kidogo kuliko zile za zamani, na laini. Baba angezikataa. Dada alizitazama, akautazama mlima wa kazi, akazitia kwenye chumba kimoja na ndugu zao wa zamani. Haraka ina baraka wapi? Lakini nani humkumbuka aliyesema hivyo wakati mteja amesimama mlangoni?

Unyevu haukukauka. Dada alitandika kitambaa chini ya kasha, kikalowa. Aliliweka kasha juani, mbao zikapasuka kwa ukavu, chumba cha a kikabaki na jasho. Mchana, mashine iliponyamaza ili Radi ale, alianza kusikia tone. To. Kisha kimya cha kutosha kumfanya aamini kwamba amekosea. To. Alikagua dari, akakagua mabomba, akaweka sikio ukutani. Tone lilikuwa ndani ya kasha.

Wiki hiyohiyo ndipo Fundi alipoanza kunywa maji.

Mwanzoni lilikuwa jambo la utani. Radi alisema bosi amemeza bahari. Fundi naye akajibu kwamba joto la chungu cha risasi si mchezo. Lakini alikunywa kikombe, akajaza, akanywa, akajaza, kisha akaacha kikombe akashika jagi. Alikunywa amefumba macho. Midomo yake ilipasuka hata hivyo, ngozi ya mikono ikawa kama karatasi iliyowekwa karibu na moto, na shati lake, ambalo zamani lilikuwa likiloa jasho kufikia saa nne, sasa lilibaki kavu kutwa. Maji yaliingia na hayakuonekana yalikokwenda. Na kila mara aliyeleta jagi alikuwa Wifi.

Wifi aliyajaza mtungini. Wifi aliyachota. Wifi alisimama juu ya kichwa cha mumewe akimtazama anavyogugumia, uso umekaza, na akichungulia kama kuna anayeona. Dada aliona. Aliona pia jambo jingine. Mchana mmoja alipoingia ghafla chumba cha kushonea, Wifi alikuwa ameshika kitu kifuani, kwenye uzi mweusi uliozunguka shingo, na aliposikia hatua alikitumbukiza haraka ndani ya gauni na kufunga kifungo.

"Nini hicho, Wifi?"

"Si kitu."

"Si kitu kina uzi?"

Wifi aliinama, akaendelea kushona, na masikio yake yakawa mekundu. Dada alikuwa amelitafuta jambo hilo muda mrefu sana, na sasa lilipokuja mlangoni lenyewe hakushangaa hata kidogo.

Hakusubiri. Alimfuata Wifi hadi jikoni, akaunusa mtungi, akamwaga maji yote uani, akapekua kapu la mboga na mkoba wa nguo, na Wifi akisimama kando mikono imelegea.

"Unamnywesha nini mdogo wangu?"

"Maji."

"Maji gani yanayomkausha mtu?"

"Wifi, mimi nalala naye. Usiku namsikia anaramba ukuta. Unafikiri mimi siogopi?" Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu asiyetaka mumewe aliye chumba cha pili asikie. "Ukinipa mwingine wa kumlaumu, nitamlaumu pamoja nawe. Lakini unanitazama mimi tu."

"Uzi ule wa shingoni umeutoa kwa mganga gani?"

Wifi alifunika kifua kwa kiganja. Machozi yalimtoka, lakini mkono haukuondoka. Jioni hiyo Dada alimwambia Radi, na kwa kuwa Radi hakuweza kuzuia siri kama asivyoweza kuzuia chafya, siku ya pili mtaa mzima ulijua kwamba mke wa Fundi amevaa kitu shingoni. Wanawake dukani waliacha kumsogezea kiti.

Dada aliamua kumkamata kwa mikono yake. Aliaga kama kawaida mchana ulipoisha, akaelekea kwake ng'ambo ya barabara, akazunguka nyuma, akaingia tena kwa mlango wa uani na kujibanza nyuma ya rafu ya karatasi. Jua lilikuwa linaondoka. Mwanga uliobaki ulilala juu ya kasha la herufi, na katika utulivu ule tone lilisikika waziwazi. To. To. Harufu ya tope ilikuwa nzito kiasi kwamba alijiziba pua kwa kitenge.

Mlango ukafunguliwa polepole. Alijiandaa kuruka na kusema nimekukamata, lakini nyayo zilizoingia hazikuwa zile nyepesi za Wifi, zilikuwa nyayo tupu, zenye maji, zinazobandika na kubanduka sakafuni, na zilipita karibu naye kiasi cha kumwezesha kuuona mkono wa mdogo wake ukipapasa hewa mbele kama wa mtu anayetafuta ukuta gizani, ingawa mwanga bado ulikuwapo na macho yake yalikuwa wazi, na mkono huo ukafika kwenye kasha, ukaenda moja kwa moja kwenye chumba cha a bila kukosea, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kujua herufi ipi inakaa wapi, ukachota konzi ya herufi, ukazitia kinywani, naye akaanza kunyonya, mashavu yakiingia ndani, koo likipanda na kushuka, akigugumia kama mtoto aliyecheleweshewa ziwa, na maji meusi yakimtiririka kidevuni na kurudi, Dada aliyaona kwa macho yake, yakirudi juu, yakiingia tena kwenye kasha. Kisha Fundi akazitema moja moja mahali pake. Na ndani ya kasha, si kinywani mwake, kitu kikashusha pumzi kama anavyoshusha mtu aliyekunywa akatosheka.

"Aaaa."

Fundi alianguka kama gunia.

Dada hakujua kama alipiga kelele. Alijikuta sakafuni, kichwa cha mdogo wake kikiwa mapajani, chepesi kuliko alivyokuwa akikibeba utotoni. Wifi aliingia mbio akiwa na taa, na hata hapo, hata baada ya kuona aliyoyaona, Dada alimnyooshea kidole.

"Usimguse! Umemfanya nini?"

"Mwache, Dada." Ulimi wa Fundi ulikuwa mweusi, na maneno yalitoka kwa shida. "Ni mimi. Nilikitoa kizibo."

"Kizibo gani?"

"Cha fonti. Ya uani. Vyuma chakavu vilikuwa ghali, nikaona donge lile linakaa bure. Nilikichimbua kwa patasi, nikayeyusha, nikasubu a zote. Nikajua maji yatatoka, nitaziba kwa saruji." Alipumzika. "Hayakutoka, Dada. Tundu ni kavu. Hayajatoka hata tone."

Walikwenda uani na taa, wanawake wawili, bila kutazamana. Birika lilikuwa limefunikwa na bati kuukuu. Dada aliliinua. Mdomo wa chemchemi ulikuwa shimo jeusi, kubwa kama ngumi, kavu kama alivyosema. Aliposogeza kiganja aliona tundu lile linavuta. Lilivuta hewa, polepole, bila kuchoka, kama mtu anayenyonya mrija ambao upande wa pili uko mahali pengine.

Mtu waliyemwita aliitwa Mzee Ndoo, mchimba visima aliyestaafu, ambaye watu walimfuata pale kisima kilipokataa kutoa maji au kilipotoa kitu kingine. Alikuja asubuhi, kofia imekaa upande, akaitikia shikamoo zao huku tayari anatazama sakafu. Alimtazama Fundi aliyelala mkekani, akamvuta kope. Alichukua a moja kutoka kwenye kasha akaiweka juu ya ukingo wa birika. Tone lilichomoza kwenye uso wa herufi, likavimba, likatambaa lenyewe kuelekea kwenye tundu.

"Mnaliitaje birika hili?" akauliza.

"Fonti," Dada akasema.

"Na hizo herufi?"

"Fonti vilevile, mzee."

"Kwa nini?"

"Baba alisema labda kwa sababu vyote humiminwa."

Mzee Ndoo alikuna kidevu. "Maneno siyajui, mwanangu, mimi najua mashimo. Kuna maji yanayonywewa na watu, na kuna maji yanayokunywa watu. Haya yana mwenyewe, na mwenyewe ana kiu. Walioziba hapa walitumia risasi kwa kuwa ni nzito na haina kiu. Kijana wako akaipasua vipande vipande, akampa mwenyewe vinywa vingi kama herufi." Aliwatazama mmoja mmoja. "Kilichomiminwa pamoja kirudi pamoja. Kila kipande. Halafu sikilizeni. Kikiwaomba maji, kwa sauti yoyote ile, msikipe. Ukimpa maji anayeomba hivyo, unamnywesha yule wa chini."

Kazi ilimwangukia Dada. Alivunja kurasa zote za kitabu cha watoto zilizokuwa zimekwisha pangwa, jasho la mwezi mzima, akaokota a moja baada ya nyingine na kuzibonyeza kwa ukucha. Za zamani zilikuwa ngumu, zikakataa ukucha. Zile za kizibo zililainika, ukucha ukaacha alama, na maji yakachuruzika ndani ya alama. Alipekua kasha, droo, nyufa za sakafu, mifuko ya Radi, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Walipozitia kwenye chungu juu ya moto, chungu kilirusha cheche na kuguna. Risasi ikaanza kulegea. Ndipo sauti ya Fundi ikasema, taratibu, kwa unyenyekevu, "Dada, naomba maji."

Dada aligeuka. Fundi alikuwa amelala mkekani, midomo imefumbwa.

"Dada. Ni mimi. Naomba maji kidogo tu. Ulikuwa ukinipa."

Ilikuwa sauti yake ya utotoni. Dada aliuma kitenge mpaka meno yakagongana, machozi yakimtoka, na Radi akamshika mabega. Mzee Ndoo alikibeba chungu kwa koleo, akavuka ua, akamimina risasi kwenye mdomo wa fonti huku midomo yake ikicheza kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasikia. Moshi ulipanda. Tundu lilipiga kwikwi, likanyamaza.

Mzee Ndoo aliinama kutazama.

"Risasi imepungua," akasema.

Katikati ya donge jipya palibaki kitundu, chembamba, upana wa herufi moja.

"Nani ana nyingine?"

Radi alitoa mifuko yake nje. Dada alisema amesaka kila mahali. Mzee Ndoo akamgeukia Wifi, aliyesimama mlangoni amejifunika khanga hadi kidevuni.

"Mimi kazi yangu kushona, mzee," Wifi akasema. "Herufi zinanihusu nini?"

Dada aliukumbuka uzi. Aliukumbuka, ukamfika mpaka ncha ya ulimi. Lakini mtaa mzima ulikuwa umemsema mwanamke huyu kwa sababu ya ulimi huohuo, na jana tu Dada alikuwa amemnyooshea kidole alipokuja mbio na taa kumtafuta mumewe. Aliona aibu. Akautazama moto, akanyamaza.

"Labda iliungua, ikatoka na povu la juu," Mzee Ndoo akasema, bila kuamini. Aliziba kitundu kwa nta, akakanyaga kwa kisigino. "Nta itashika, ila nta si risasi. Anayejua herufi iliyobaki ilipo, anajua."

Fundi alipona. Siku ile ile alitoka jasho, na Dada alilia alipoona shati lake limelowa. Baada ya siku chache alikuwa anakula, anatania, hakumbuki sana yaliyopita. Kasha lilikauka. Radi alirudi kwenye chafya zake. Dada alimwendea Wifi na kitenge kipya kimekunjwa vizuri, akamwomba msamaha kwa maneno mengi, na Wifi akakipokea kwa mikono miwili, akasema yamepita, akasema damu ni damu. Alikuwa na sauti kavu kidogo. Dada alidhani ni uchungu.

Mchana mmoja wa jua la utosi, Radi ametoka, Fundi amekwenda kumpelekea mteja kurasa za kwanza, Dada alisikia tone.

To.

Alilitazama kasha. Kavu. Aliifuata sauti hadi chumba cha kushonea, na harufu ya tope ikampokea mlangoni. Wifi alikuwa ameketi sakafuni kando ya mtungi uliolala ubavu, mtupu. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Nionyeshe," Dada akanong'ona. "Wifi wangu, nionyeshe kilicho shingoni."

"Alinipa yeye." Wifi alizungumza kwa taabu. "Ya kwanza kabisa aliyoisubu. Herufi ya kwanza ya jina langu. Aliitoboa, akaitia uzi, akasema nisimwambie mtu atachekwa. Kwangu hajawahi kuleta hata ua, Wifi. Ile ndiyo zawadi yangu."

"Mbona hukuitoa siku ile? Mzee aliuliza!"

"Ningeitoa mbele yako?" Alitabasamu, na midomo ikachanika. "Ulikwishaiita hirizi. Ningeitoa, mngesema nini? Mngesema, si tulijua."

Dada alipiga magoti, akafungua kifungo cha gauni mwenyewe, akiwaza kalibu, moto, Mzee Ndoo, leo hii, sasa hivi. Akauvuta uzi mweusi. Ukaja mwepesi, kwa sababu haukuwa na kitu.

Chini ya koo la Wifi, kwenye ngozi, palikuwa na a moja. Haikuwa ya kinyume, kama herufi ya risasi ilivyo. Ilikuwa imesimama sawasawa, inasomeka, imepigwa chapa. Tone lilichomoza kwenye ukingo wake, likavimba, likarudi ndani.

"Twende kwa Mzee Ndoo," Dada akasema. "Inuka, nikubebe."

"Nitainuka. Lakini kwanza naomba maji."

"Siwezi. Alisema tusitoe."

"Kidogo tu." Na macho yalikuwa ya Wifi kweli, mekundu, yenye hofu, ya mwanamke aliyeambiwa hapana na kila mtu. "Hukuwahi kunipa kitu bila kunichunguza kwanza. Nipe hiki kimoja."

Dada alijua. Alijua alichoambiwa, na alijua aliyekuwa akisikiliza chini ya nta kule uani. Lakini hakuweza kumnyima mtu huyu tena. Alikwenda, akajaza jagi, akarudi, akamshika Wifi kisogo kama alivyokuwa akimshika Fundi utotoni, akamwekea jagi mdomoni. Wifi aligugumia amefumba macho. Uani, nta ilichomoka mahali pake kwa mlio kama wa gamba linalopasuka. Na kutoka chini ya koo la Wifi, si kinywani, ikaja ile pumzi ndefu ya kutosheka.

"Aaaa. Nyingine."

Kivuli kilianguka mlangoni. Fundi alikuwa amerudi, kurasa alizorudishiwa na mteja zikiwa kwapani. Alimtazama mkewe, midomo iliyochanika, mtungi mtupu. Alimtazama dada yake ameshika jagi. Uso wake ulikaza taratibu, na Dada akaitambua sura ile, kwa sababu aliivaa yeye mwenyewe siku zote hizo.

"Dada," akasema, kwa sauti ya chini, "unamnywesha nini mke wangu?"